Mvumo kwenye mitambo ya redio: tulifumua nyaya za studio nzima hapa Kigoma, na haya ndiyo tuliyoyakuta

#1 Mleta uzi (Kigoma Mjini)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mwezi wa kumi, mvua zilipokuwa zinaanza, niliitwa na kituo kimoja kidogo cha redio, ambacho jina lake nitalihifadhi. Kilikuwa kimehama kutoka chumba cha biashara kwenda nyumba ya kupanga huku Mwanga. Vifaa vingi vilikuwa vilevile vya zamani na vilikuwa vizima, lakini tangu wahamie sauti ilikuwa imeharibika kwa namna tatu tofauti kwa wakati mmoja, na kila fundi aliyepita alikuwa ameongeza waya mmoja na kuacha matatizo mawili. Nitaeleza tulichokikuta hatua kwa hatua, kwa kuwa naona makosa haya yanajirudia kwenye vituo vingi, makanisani na hata kumbini.

Malalamiko ya kwanza yalinichekesha kabla hayajaniumiza kichwa. Wasikilizaji walikuwa wanapiga simu kusema kwamba nyimbo hazina mwimbaji. Gitaa lipo, waitikiaji wapo pembeni, mwangwi upo, lakini sauti ya anayeimba imetoweka pamoja na besi, kama mtu aliyetoka nje mara moja kupokea simu. Mtangazaji akifungua maiki anasikika vizuri kabisa. Tatizo lilikuwa kwenye nyimbo peke yake, na si kwa kiwango kimoja kwa nyimbo zote: rekodi chache za zamani zilikuwa hazisikiki kabisa.

Hilo la rekodi za zamani ndilo lililonionesha mlango. Nilichomoa waya unaotoka kwenye kompyuta ya nyimbo kwenda kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti, nikafungua kichwa cha XLR, na jibu lilikuwa pale pale, limelehemiwa vizuri na kwa usafi wa kupendeza.

Kwa ambao hawajawahi kufungua kichwa hicho: XLR ya sauti ina pini tatu. Pini 1 ni ya ngao, yaani ule wavu wa shaba au karatasi ya alumini inayozunguka nyaya za ndani. Pini 2 inabeba sauti, na pini 3 inabeba sauti hiyohiyo ikiwa imegeuzwa juu chini. Hii ndiyo laini tunayoiita ya balansi. Mikisa inapopokea, inatoa kilichopo pini 3 kutoka kwenye kilichopo pini 2. Sauti, kwa kuwa upande mmoja imegeuzwa, inajumlishwa. Kelele iliyoingia njiani, kwa kuwa imeingia sawasawa kwenye nyaya zote mbili, inajifuta. Uzuri wote wa laini ya balansi umo katika hesabu hiyo moja ya kutoa.

Sasa tazameni alichofanya fundi aliyetangulia. Jeki ndogo ya kompyuta, ile ya milimita 3.5, nayo ina sehemu tatu: ncha ni sauti ya kushoto, pete ya kati ni sauti ya kulia, na shina ni la pamoja. Yeye aliona sehemu tatu huku na pini tatu kule, akaunga ncha kwenye pini 2, pete kwenye pini 3, shina kwenye pini 1. Kwa macho imekaa. Kwa mikisa, amri iliyotolewa ni hii: chukua kushoto, toa kulia. Mwimbaji na besi kwa kawaida huwekwa katikati, yaani sawasawa kushoto na kulia, kwa hiyo vinajifuta. Rekodi ya mono, kama zile za zamani ambazo sauti yake ni moja kushoto na kulia, yote iko katikati, kwa hiyo inafutika nzima.

Hiyo ilikuwa nusu saa ya kazi. Mvumo ndio uliotuweka pale siku nne, nitauleta baadaye.

#2 Mchangiaji (Kasulu)

Asante sana mleta uzi. Kanisani kwetu tuna waya wa namna hiyohiyo, tulinunua ukiwa umeshaungwa kabisa, na siku zote tulikuwa tunalaumu kompyuta. Naomba unieleze waya sahihi unaungwaje, kwa sababu kompyuta ina tundu moja na mikisa inataka XLR.

#3 Mleta uzi

Ndugu wa Kasulu, waya sahihi unagawanyika kuwa viwili. Jeki moja upande wa kompyuta, vichwa viwili vya XLR dume upande wa mikisa, kimoja cha kushoto na kingine cha kulia. Tumia kebo yenye nyaya mbili ndani na ngao. Waya wa kwanza unatoka kwenye ncha (au pete, kwa upande wa kulia) kwenda pini 2. Waya wa pili unatoka kwenye shina kwenda pini 3. Ngao inaungwa pini 1 upande wa mikisa peke yake. Upande wa kompyuta inakatwa na kufunikwa isiguse kitu. Kwa namna hii mikisa inalinganisha sauti na shina la kompyuta yenyewe, badala ya kuilinganisha na ethi (muungano wa ardhini) ya mikisa, na sehemu kubwa ya mvumo inajifuta hata kabla hujanunua kifaa kingine.

Kama mikisa ina umeme wa volti 48 wa maikrofoni, uzime kwenye chaneli hizo kabla ya kuchomeka. Vilevile, kama mnataka mono, msizisokote kushoto na kulia pamoja moja kwa moja, kwa sababu kila upande utakuwa unausukuma mwenzake. Wekeni rezista ya kama omu 1,000 kwa kila upande, kisha ndipo ziungane.

Jambo lingine ni ukubwa wa sauti. Vifaa vya studio vinafanya kazi kwenye +4 dBu, ambayo ni volti 1.228, ilhali vifaa vya nyumbani vinatoa −10 dBV, yaani volti 0.316. Tofauti ni karibu desibeli 12, au karibu mara nne kwa volteji. Mtu asipojua hili anaichomeka kompyuta kwenye tundu la laini, anaona sauti ni ndogo, anaihamishia kwenye tundu la maiki, na hapo inapasuka, kwa sababu maiki inatoa milivolti chache tu, yaani sehemu za elfu za volti, na tundu lake limetengenezwa kwa ajili hiyo. Iacheni kwenye laini na muongeze kwa kitufe cha kukuza cha chaneli.

Sasa mvumo. Tuliposikiliza kwa hedifoni mchana, spika zikiwa zimezimwa, ulikuwa na tabaka mbili. Chini kulikuwa na mvumo mzito na laini, ule wa hezi 50 za umeme wetu. Juu yake kulikuwa na mkwaruzo mkali zaidi wa hezi 100 na vigawe vyake. Nasisitiza kusikiliza kabla ya kushika bisibisi, kwa sababu sauti yenyewe inakuelekeza. Mvumo laini wa 50 mara nyingi ni mkondo unaopita kwenye ngao, au transfoma kubwa iliyo jirani na waya. Mkwaruzo wa 100 mara nyingi hutoka kwenye vifaa vinavyogeuza umeme kuwa wa DC: chaja, kompyuta, taa za LED.

Tulichomoa kila kitu kwenye mikisa, kikabaki kimya. Tukarudisha kimoja kimoja. Maiki: kimya. Kompyuta kwa waya mpya: karibu kimya. Waya wa kwenda chumba cha transmita (mtambo wa kurushia matangazo), ulio kwenye mabomba ndani ya ukuta, urefu kama mita 18: mvumo wote ukarudi, tena hadi kwenye hedifoni za studio, ingawa waya huo unapeleka sauti na haurudishi chochote.

#4 Mchangiaji (Tabora)

Kijana wangu, umeeleza vizuri. Mimi nimeunga studio tangu enzi za kanda za tepu, na sisi tulifundishwa kanuni moja: ngao iungwe upande mmoja tu, upande wa pili ikatwe. Ukifanya hivyo mkondo hauna njia ya kuzunguka, na mvumo unakwisha. Kata ngao upande wa transmita uone.

#5 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Kanuni hiyo naiheshimu, na kwa mvumo wa hezi 50 inafanya kazi, kwa sababu mkondo hauwezi kupita mahali palipokatika. Tulijaribu hivyo siku ya kwanza na mvumo ulipungua sana. Lakini walipowasha transmita kwa nguvu kamili, likaingia jambo jipya: sauti ya kituo chenyewe ikawa inasikika kwenye hedifoni, nyembamba na yenye mikwaruzo, hata kitelezi kikiwa chini kabisa.

Sababu ni kwamba ngao iliyokatwa upande mmoja ni ukuta kwa hezi 50, lakini kwa mawimbi ya FM ni antena. Kwenye megahezi 100 urefu wa wimbi ni mita 3, na robo yake ni sentimita 75. Kipande chochote cha waya kinachokaribia urefu huo kinapokea kwa raha zote, na mnara wao uko hatua chache tu kutoka dirishani.

Kwa hiyo mimi nafuata msimamo wa AES, chama cha wahandisi wa sauti, ambao katika kiwango chao cha AES48 wanataka ngao ya laini ya balansi iungwe kwenye kasha la chuma la kifaa pande zote mbili, tena pale pale waya unapoingilia. Sharti lake ni kwamba kifaa chenyewe kiwe kimejengwa vizuri, na hapo ndipo penye mgogoro. Vifaa vingi vinaipeleka pini 1 kwenye saketi ya ndani kwa kiwaya chembamba badala ya kuiunga kwenye kasha. Mkondo wowote wa ngao basi unapita katikati ya saketi ya sauti na kuacha mvumo humo. Mhandisi Neil Muncy aliliandika tatizo hili mwaka 1995 katika jarida la chama hicho, na tangu hapo mafundi wanaliita tatizo la pini 1.

Njia ya kati, ambayo nadhani mzee utaikubali, ni kuiunga ngao kikamilifu upande mmoja, na upande wa pili kuiunga kupitia kapasita ndogo ya nanofaradi 10, yenye miguu mifupi iwezekanavyo. Kwa hezi 50 kapasita hiyo ni kama pamekatwa. Kwa megahezi 100 ni kama pameungwa.

#6 Mchangiaji (Tabora)

Hilo la kapasita nalikubali. Enzi zetu transmita ilikuwa mbali sana na studio, kwa hiyo tatizo hilo la antena hatukulikuta. Siku hizi mnara unasimamishwa juu ya choo cha studio.

#7 Mchangiaji (Uvinza)

Wakuu, mnazunguka sana. Kwetu tulivunja ile pini ndefu ya ethi kwenye plagi ya mikisa, mvumo ukaisha siku hiyohiyo, na haukuwahi kurudi.

#8 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Uvinza, nakusihi urudishe pini hiyo leo, kabla hujaendelea kusoma.

Hata hapa walishafanya hivyo kabla sijaitwa, na wala hawakuniambia. Niliijua kwa mtangazaji. Dada mmoja wa kipindi cha asubuhi aliniambia kwamba midomo yake huwa inawashwa kila anapogusa maiki, akadhani ni ukavu wa hewa. Nilipima kwa multimeta kati ya kasha la mikisa na ethi ya soketi nikapata volti 110. Namba hiyo haijatokea kwa bahati. Vifaa vya kisasa vina kapasita ndogo mbili, moja kutoka laivu kwenda kwenye kasha na nyingine kutoka nyutro, na ethi ikiondolewa kasha linaelea katikati ya hizo mbili, yaani karibu nusu ya volti 230. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana unawasha tu. Lakini siku insulesheni ya ndani itakapokatika, hiyo 110 itakuwa 230 yenye mkondo wa kuua, na njia ya kuifikia ardhi itakuwa midomo ya mtangazaji.

Ethi ya umeme haikatwi kwa ajili ya mvumo. Ukitaka kukata mzunguko, kata upande wa sauti, kwa transfoma ya sauti yenye uwiano wa 1:1: sauti inavuka kwa sumaku, na hakuna waya unaogusana. Chagua yenye kiini kizuri, kwa kuwa zile za bei ya chini kabisa zinakwaruza besi.

#9 Mchangiaji (Kibondo)

Naunga mkono #8. Binamu yangu alitupwa na gitaa jukwaani kwa sababu hiyohiyo, na plagi ilikuwa ya pini mbili kwenye eksitensheni ya pini tatu.

#10 Mleta uzi

Naendelea. Baada ya kuirudisha ethi ya mikisa, mvumo ulirudi kama nilivyotarajia, na swali likawa: mkondo huu unatoka wapi? Nilichomoa waya wa sauti pande zote, nikavuta waya mrefu wa kawaida kutoka chumba cha transmita hadi studio, nikapima volti za AC kati ya raki (kabati la chuma la vifaa) ya transmita na kasha la mikisa. Volti 1.8. Kwa mtu wa umeme wa majumbani si kitu. Kwa sauti ambayo kiwango chake ni volti 1.228, ni kelele kubwa kuliko nyimbo zenyewe, na ukiipa ngao ya waya ipite, ngao ina ukinzani mdogo sana, kwa hiyo mkondo unakuwa mkubwa.

Tulitoka nje kuangalia. Nyumba ilikuwa na nondo yake ya ethi karibu na mita ya TANESCO, upande wa barabarani. Fundi wa mnara alikuwa amechimbia nondo nyingine nyuma ya nyumba, karibu na mgomba, akaunga hapo mnara, kebo ya antena na raki ya transmita. Nondo hizo mbili hazikuwa zimeunganishwa na kitu chochote isipokuwa udongo, na ngao ya waya wetu wa sauti. Waya mwembamba wa mita 18 ndio ulikuwa umefanywa daraja la kuziunganisha ethi mbili za jengo zima.

Mvumo ndiyo hasara ndogo kabisa ya mpangilio huo. Ninyi wenyewe mnaijua radi ya huku ziwani inapoanza kuchapa kutokea upande wa Kongo. Radi ikipiga mnara, nondo ya nyuma inapanda kwa maelfu ya volti kwa muda mfupi wakati nondo ya mbele imebaki ilipokuwa, na tofauti yote hiyo inapita kwenye daraja lililopo. Walikuwa wameshaunguza mikisa mbili na kadi ya sauti, na kila mara lawama zilikwenda kwa umeme.

Dawa yake ilikuwa kuziunga nondo hizo mbili kwa waya mnene wa shaba, tuliochimbia kuzunguka nyumba kwa nje, na ngao ya kebo ya antena kuungwa kwenye bamba la shaba pale inapoingilia ukutani, kabla haijafika kwenye raki. Kazi hiyo niliifanya na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, kwa kuwa inagusa ethi ya jengo, na nawashauri msiifanye wenyewe. Baada ya hapo nilipima tena. Volti 1.8 zilikuwa zimekuwa volti 0.04.

Tulirudisha waya wa sauti ukiwa umeungwa ngao pande zote mbili. Mvumo laini ulikuwa umetoweka. Ulibaki ule mkwaruzo, tena kwa mbali, na ulikuwa unatoka kwenye chaja ya kompyuta mpakato ya mtayarishaji wa habari, ambayo plagi yake ilikuwa ya pini mbili. Hapo ndipo transfoma ilipofanya kazi yake.

#11 Mchangiaji (Tabora)

Kijana wangu, naongeza la huku kwetu Unyanyembe. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi hatuoni mvua, na ardhi inakauka mpaka inapasuka. Nondo ya futi nne iliyopimwa wakati wa masika na kuonekana nzuri inakuwa ni mapambo tu ifikapo Septemba. Nilikuwa na kituo ambacho mvumo wake ulikuwa unakuja na kiangazi na kuondoka na mvua, na tulihangaika nacho miaka miwili kabla ya mlinzi kusema kwamba siku anazomwagilia bustani redio inakuwa safi. Bustani ilikuwa imepandwa kuzunguka nondo. Mlinzi huyo nilimnunulia soda.

Nondo moja fupi haitoshi kwa nchi kavu. Unganisha mbili au tatu ndefu, na ziachane kwa umbali usiopungua urefu wa nondo yenyewe, maana zikikaribiana zinagombania udongo uleule. Watu wanamwaga chumvi na mkaa shimoni. Inasaidia kwa muda, lakini chumvi inaila nondo, na mvua inaisomba.

#12 Mleta uzi

Mzee wangu, hilo la bustani nitalikumbuka. Kwetu udongo una unyevu zaidi, lakini vilimani kuna mawe ambayo nondo haiingii hata futi mbili, na nimewahi kukuta nondo iliyokatwa kwa msumeno ikabaki kipande kifupi ili ionekane imezama yote.

#13 Mchangiaji (Kasulu)

Je, wale wenye transmita jirani, ile sauti ya kituo kuingia kwenye mikisa mliimalizaje? Sisi hatuna mnara, lakini tuko jirani na mnara wa kituo kingine.

#14 Mleta uzi

Kwanza tulihakikisha kwamba kweli inaingia kwa hewa. Transmita ilichomolewa kwenye antena, ikaungwa kwenye mzigo bandia, yaani kile kifaa cha omu 50 kinachomeza nguvu na kuigeuza joto bila kurusha, kisha ikawashwa kikamilifu. Sauti ikatoweka. Maana yake tatizo halikuwa umeme inaoula transmita, bali mawimbi yanayotoka kwenye antena. Angalizo: usiwashe transmita ikiwa haina antena wala mzigo, unaweza kuiua ndani ya sekunde chache.

Baada ya hapo tulifungua vichwa vya XLR kimoja baada ya kingine. Vingi vilikuwa na mkia mrefu wa ngao, sentimita tatu au nne zilizosokotwa, kabla ya kufika pini 1. Kwa mawimbi ya FM mkia huo ni kama mlango ulioachwa wazi. Tuliufupisha hadi chini ya sentimita moja. Viwili vilikuwa na waya wa ngao uliofumuka na kugusa pini 3, ambapo balansi yote inakufa kimyakimya: sauti inasikika, nusu yake imepotea, na kelele haijifuti tena. Kosa hilo halionekani kwa macho ya haraka, linaonekana kwa multimeta ikiwa kwenye kipimo kinacholia nyaya zikigusana: kati ya pini 1 na 2, na kati ya 1 na 3, waya ukiwa haujachomekwa popote, pasiwe na mlio.

Mwisho tulivisha pete za feraiti, zinazozuia mawimbi ya redio yasipite kwenye waya, kwenye nyaya zinazoingia kwenye mikisa, kila waya ukipitishwa ndani ya pete mara nne au tano. Kwenu ambao mnara si wenu, anzeni na mikia ya ngao, kisha feraiti. Haigharimu sana.

#15 Mchangiaji (Kigoma)

Mimi nina swali la dijitali. Mikisa yetu mpya ina XLR iliyoandikwa AES3. Je, naweza kutumia waya wa maiki nilionao?

#16 Mleta uzi

Kwa mita mbili tatu ndani ya raki, utafanya kazi. Kwa waya mrefu, hapana. AES3 inabeba chaneli mbili ndani ya XLR moja kwa mapigo ya kasi kubwa, na kebo yake inatakiwa iwe na impidansi (ukinzani wake kwa mapigo hayo) ya omu 110. Kebo ya maiki haitengenezwi kwa kipimo hicho, kwa hiyo mapigo yanagonga mwisho na kurudi kama mwangwi, na mpokeaji anashindwa kuyasoma. Dalili yake si mvumo. Ni sauti safi kabisa ambayo ghafla inakatika au kutoa milio ya tiki-tiki. Waya wa analogi unapochoka sauti inafifia taratibu na wewe unapata muda. Wa dijitali hautoi taarifa.

Na usichanganye tundu hilo na la analogi, ingawa kichwa ni kilekile. Hapa tulivipaka vichwa vyote vya dijitali rangi ya kucha nyekundu, ambayo dada wa kipindi cha asubuhi alitupatia.

#17 Mchangiaji (Kibondo)

Mleta uzi, la simu umelisahau. Wasikilizaji wakipiga wanajisikia wenyewe kwa mwangwi, na pia kuna ule mlio wa trrr-trrr-trrr unaoingia hewani kabla simu haijaita.

#18 Mleta uzi

Mwangwi unatokea kwa sababu mnampelekea mpigaji mchanganyiko wote, pamoja na sauti yake mwenyewe. Anatakiwa apelekewe kila kitu isipokuwa yeye. Kama mikisa haina njia maalumu kwa ajili hiyo, tumia njia ya ziada inayotoka kwenye kila chaneli: pandisha maiki na nyimbo, na kitufe cha chaneli ya simu kikae sifuri. Kitufe hicho kimoja ndicho kinachosahaulika siku zote.

Ule mlio wa trrr ni simu za 2G, ambazo zinawasha na kuzima redio yao mara 217 kwa sekunde, na kila saketi iliyo jirani inaisikia kuwasha na kuzima huko. Feraiti na mikia mifupi ya ngao vinapunguza. Hapa tumetundika kikapu cha ukili nje ya mlango wa studio, na kila anayeingia anaweka simu humo, wageni rasmi wakiwemo. Wiki iliyopita mgeni mmoja alikataa, akasema simu yake ni ya gharama. Tulimruhusu. Ilipofika katikati ya mahojiano ikaanza trrr-trrr, na akainuka mwenyewe kwenda kuiweka kikapuni, maiki ikiwa wazi.